Wi-Fi ya mesh inasuasua na kukatika: mwongozo kamili wa kutafuta kiungo kibovu

Mtandao wa mesh (Wi-Fi inayosambazwa na vifaa kadhaa, yaani nodi, vinavyopokezana mawimbi) ukianza kusuasua, wengi hukimbilia dukani kuongeza nodi. Mara nyingi hiyo ndiyo dawa inayozidisha ugonjwa. Nodi mpya ikiwekwa mahali ambapo mawimbi yameshafifia, husambaza udhaifu uleule kwa vifaa vingi zaidi, na juu ya hapo hula muda wa hewani ambao nodi nyingine zingeutumia. Mwongozo huu unahusu nyumba ya matofali ya saruji, gesti, ofisi ndogo au shule yenye nodi mbili hadi sita. Sehemu ya mwisho ni ya wanaojijengea mesh wenyewe kwa OpenWrt (mfumo huria wa ruta) na batman-adv (programu inayochagua njia kati ya nodi).

Kwanza tuelewane kuhusu vile vistari vya Wi-Fi kwenye simu. Vinapima mawimbi kati ya simu na nodi iliyo karibu nayo, basi. Havisemi lolote kuhusu kiungo cha kutoka nodi hiyo hadi nodi kuu (ile iliyochomekwa kwenye modemu), na huko ndiko kasi inakopotelea. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mita mbili kutoka kwenye nodi, vistari vimejaa, na ujumbe wa WhatsApp ukagoma kwenda.

Sababu iko kwenye redio yenyewe. Redio ya Wi-Fi haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Ni kama mkalimani wa mkutano, lazima asikilize kwanza ndipo aseme. Kwa hiyo kwenye seti ya bendi mbili (2.4 na 5 GHz), ambako redio ileile ya 5 GHz inahudumia simu na pia kuunganisha nodi, kila mruko wa ziada, yaani safari ya nodi hadi nodi, hukata kasi takriban nusu. Kiungo cha kwanza kikitoa Mbps 200, nodi ya pili katika mnyororo itatoa karibu 100, na ya tatu chini ya hapo zaidi. Seti za bendi tatu hutenga redio moja kwa ajili ya nodi peke yake, hivyo hasara hupungua, lakini haiishi. Weka nodi zako kwa umbo la nyota kuizunguka nodi kuu, si kwa mstari mmoja mrefu, kila inapowezekana.

## Gawa tatizo kabla ya kugusa mipangilio

Usibadilishe chochote bado. Tafuta laptop yenye tundu la LAN, au adapta ya USB ya gigabiti, kebo fupi ya Cat5e au Cat6 unayoiamini, na simu ya Android yenye programu ya WiFi Analyzer. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, uonyeshe kila nodi ilipo na kuta zilizo katikati. Kisha pima kwa mpangilio huu:

1. Chomeka laptop moja kwa moja kwenye modemu ya mkongo, ya 4G au ya setilaiti. Zima Wi-Fi ya laptop. Pima kasi ya kupakua na ya kupakia. Rudia mchana na saa mbili usiku, kwa sababu matokeo ya asubuhi peke yake hudanganya.
2. Hamishia kebo kwenye tundu la LAN la nodi kuu, urudie.
3. Chomoa kebo, tumia Wi-Fi ukiwa mita mbili kutoka nodi kuu, chumba kimoja nayo.
4. Nenda kwa kila nodi nyingine, simama mita mbili kutoka hapo, uhakikishe umeunganishwa na hiyo hasa (programu ya mesh huonyesha kila kifaa kiko nodi gani), kisha upime.

Kasi ikianguka hatua ya kwanza, tatizo ni la mtoa huduma au la mnara, na hakuna nodi itakayolitibu. Ikianguka hatua ya pili, tazama kebo ya kati ya modemu na nodi kuu, au tundu la Mbps 100 mahali pa 1000. Ikianguka hatua ya tatu, ni chaneli au mwingiliano. Ikiwa hatua tatu za kwanza ni nzuri na ya nne ni mbaya, umeshamkamata mwizi: ni kiungo cha nodi hiyo.

Linganisha na kifurushi ulicholipia. Ukinunua Mbps 20 na nodi ya mbali ikatoa 18, huna tatizo la kasi, hata kama kisanduku kiliandikwa Mbps 1200. Zile namba za kisanduku ni jumla ya bendi zote katika mazingira ya maabara. Kiungo cha 5 GHz cha antena mbili kwa upana wa 80 MHz huandikwa Mbps 867, lakini mzigo halisi ukiwa chumba kimoja nacho ni kati ya 400 na 550.

Kasi na uthabiti ni mambo mawili tofauti. Kwa kukatikakatika, unganisha laptop kwa Wi-Fi, fungua madirisha matatu ya amri na uendeshe ping (amri inayopima muda wa jibu kurudi) tatu kwa pamoja, moja kwa nodi kuu, moja kwa modemu, moja kwa 1.1.1.1, seva iliyoko nje kwenye intaneti:

```
ping -n 200 192.168.68.1
ping -n 200 192.168.1.1
ping -n 200 1.1.1.1
```

(Kwenye Linux na Mac tumia `-c` badala ya `-n`, na uweke anwani zako mwenyewe.) Ndani ya nyumba, jibu la nodi kuu lirudi kwa milisekunde 2 hadi 5, na kila mruko uongeze kidogo tu. Pakiti zinazopotea ziwe sifuri. Zikianza kupotea kwenye dirisha la kwanza, Wi-Fi yako ni mgonjwa. Dirisha la kwanza likiwa safi na la tatu likachafuka, tatizo liko nje ya mesh. Angalia pia mtawanyiko: wastani wa milisekunde 8 wenye vilele vya 400 huharibu simu za video kuliko wastani thabiti wa 40.

## Pima kiungo, si intaneti

Kipimo cha kasi cha kwenye kivinjari huchanganya Wi-Fi na mtoa huduma katika namba moja. Ili kuvitenganisha, tumia iperf3, programu inayopima kasi kati ya kompyuta mbili. Kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa kebo na nodi kuu endesha `iperf3 -s`. Kwenye laptop iliyo karibu na nodi unayoichunguza:

```
iperf3 -c 192.168.68.50 -t 30 -P 4
iperf3 -c 192.168.68.50 -t 30 -P 4 -R
```

Amri ya kwanza hupima kutuma, ya pili kupokea. Huna laptop ya pili? Sakinisha Termux kwenye simu, kisha `pkg install iperf3`. Tazama kila sekunde, si jumla tu. Mstari unaosoma 140, 138, 141, 0, 0, 90 unakwambia kiungo kinakufa na kufufuka. Wastani ungekuficha hilo.

Tofauti kubwa kati ya pande mbili nayo ina maana. Kupokea kukiwa kuzuri na kutuma kukiwa kubovu, kifaa chako au nodi ya mbali hairushi kwa nguvu ya kutosha kusikika upande wa pili. Kuongeza nguvu ya nodi kuu hapo hakusaidii kitu, maana aliye mbali ndiye asiyesikika.

## Mahali pa nodi: hapa ndipo penye kazi

Karibu kila mesh inayosuasua hupona kwa kusogeza nodi mita mbili tatu. Kosa la kawaida ni kuweka nodi ndani ya chumba chenye tatizo. Iweke mahali ambapo mawimbi ya nodi kuu bado yana nguvu, upande unaoelekea chumba hicho. Nodi haizalishi intaneti, inarudia ilichosikia.

Chukua simu, fungua WiFi Analyzer, chagua 5 GHz, na usome nguvu ya nodi kuu pale unapotaka kuweka nodi ya pili. Namba, inayoandikwa kwa dBm (desibeli), ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu.

- Kati ya -50 na -60 dBm: pazuri sana kwa nodi.
- Hadi -65 dBm: panafaa.
- -70 dBm: nodi itaungana, lakini kwa kasi ya chini na itayumba mlango ukifungwa.
- -75 dBm au dhaifu zaidi ya hapo: usiweke nodi. Kifaa kimoja kinaweza kuvumilia hapo, mtandao mzima hauwezi.

Kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo tofauti ya -62 na -68 si ndogo hata kidogo. Pima ukiwa umeshika simu pale nodi itakapokaa, kwa kimo kilekile, na usubiri sekunde kumi, kwani namba hucheza.

Sasa kuta. Ukuta wa matofali ya saruji yaliyopigwa lipu huweza kumeza desibeli 10 hadi 20 za 5 GHz, na sakafu ya zege yenye nondo humeza zaidi ya hapo. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita au zaidi, ni za kutisha: hapo fikiria kebo tangu mwanzo. Jipsamu na mbao hupitisha vizuri. Mabati hayapitishi kitu, hurudisha. Vivyo hivyo mlango wa chuma, kioo cha kujitazama cha ukutani, friji na karatasi ya fedha iliyobandikwa kwenye dirisha kuzuia jua. Maji hunyonya mawimbi, basi usipitishe kiungo nyuma ya tangi la lita elfu moja.

Pembe nayo ina kazi. Mawimbi yakipiga ukuta mraba hupita unene wa sentimita 15. Yakiupita kwa mshazari husafiri ndani yake maradufu au zaidi. Sogeza nodi hadi mstari wa kati yake na nodi kuu upite kwenye mlango, dirisha au korido. Kwa nyumba ya ghorofa, njia nzuri ni ngazi: nodi moja chini ya ngazi, nyingine juu yake, zikitazamana kupitia uwazi. Kuweka nodi mbili juu na chini ya sakafu ya zege ukitegemea ukaribu ni kujidanganya.

Usiifiche nodi kabatini, nyuma ya televisheni au sakafuni. Mita moja na nusu juu, wazi, mbali angalau mita moja na vitu vya chuma. Diski ya USB 3.0 ikichomekwa kwenye nodi au kukaa kando yake hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, ihamishe au utumie kebo ndefu. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, hivyo kukatika kunakotokea saa za chakula tu si mwujiza.

Nyumba ya uani, kibanda cha mlinzi au darasa la upande wa pili wa uwanja lina kanuni yake. Kupitisha mawimbi nje, mstari wa macho peke yake hautoshi. Lazima kuwe na nafasi kuuzunguka. Kwa mita 100 kwenye 5.8 GHz, nafasi hiyo katikati ya safari ni ya nusu kipenyo cha mita 1.1 hivi, na angalau asilimia 60 yake iwe tupu. Mti uliopukutisha majani wakati wa kiangazi unaweza kuacha kiungo kipite vizuri, kisha mvua ikinyesha na majani kuchipua kikafa. Kwa umbali huo nunua jozi ya redio za nje zenye antena za kuelekeza, uzifunge ukutani, na nodi ya ndani uichomeke kwa kebo. Usilazimishe nodi ya sebuleni ifanye kazi ya nje.

Baada ya kusogeza, subiri dakika tano nodi zichague njia upya, kisha rudia iperf3. Andika namba kwenye ramani. Halafu jaribu kitu ambacho watu hawakitaki: zima nodi moja ya katikati na upime tena. Nodi zilizokaribiana mno hugombania hewa, na nyumba ya vyumba vitatu yenye nodi nne mara nyingi huenda kasi zaidi ikibaki na mbili.

## Chaneli na upana

Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Upana wa 40 MHz kwenye bendi hiyo, katika mtaa wenye Wi-Fi kumi za majirani, ni ubinafsi usiokusaidia hata wewe. Usichague chaneli 3 au 4 kwa kuwa inaonekana tupu. Itapigana na chaneli 1 na 6 kwa pamoja bila kuelewana na yoyote. Ni afadhali kushiriki chaneli moja na jirani kikamilifu, maana redio zilizo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu.

Kwenye 5 GHz, chaneli 36 hadi 48 na 149 hadi 161 hazina masharti ya rada. Chaneli 52 hadi 144 zinayo: nodi lazima isikilize angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikihisi rada ihame mara moja na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ukiishi karibu na uwanja wa ndege au rada ya hali ya hewa, 5 GHz ya mesh yote inaweza kupotea dakika moja au mbili na kurudi yenyewe, bila mpangilio. Dalili ni kwamba 2.4 GHz inabaki hewani wakati 5 GHz imetoweka. Hamia 36 au 149.

Upana wa 80 MHz hutoa kasi kubwa chumbani. Ukiukata hadi 40 MHz, kelele inayoingia hupungua kwa desibeli 3, na kiungo dhaifu huweza kutulia. Kwa kifurushi cha Mbps 30, utulivu huo una thamani kuliko kasi usiyoitumia.

Seti nyingi za dukani hazikuruhusu kuchagua chaneli. Zina kitufe cha kuchagua upya peke yake. Kibonyeze saa za msongamano, jioni, si saa nne asubuhi majirani wakiwa kazini. Pia ingia kwenye modemu ya mtoa huduma uzime Wi-Fi yake. Modemu hiyo kwa kawaida imekaa sentimita 30 kutoka nodi kuu, ikipiga kelele kwenye bendi zilezile bila mtu kuitumia.

## Kebo hushinda

Nodi yoyote inayoweza kufikiwa kwa kebo, ifikishe. Kiungo cha kebo hakipotezi nusu kwa kila mruko, na huifungulia redio hewa yote kwa ajili ya simu. Kebo moja tu hadi nodi ya ghorofa ya juu inaweza kufanya kazi ambayo nodi tatu zaidi zisingeifanya. Kikomo ni mita 100.

Nunua kebo ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni nafuu, nyepesi, hukatika kwenye kona na hupoteza umeme ikibebeshwa PoE (umeme unaopitishwa kwenye kebo ya mtandao). Kwaruza ncha ya waya, ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini. Funga vichwa vyote viwili kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Gigabiti inataka nyaya zote nane. Waya mmoja tu wa buluu au kahawia ukikosa kugusa, vifaa vitashuka kimya kimya hadi Mbps 100 na taa itaendelea kuwaka kana kwamba kila kitu ni salama. Kwa hiyo iperf3 ikigota kwenye 94 au 95 kila mara, usihangaike na Wi-Fi. Ni kebo, au ni tundu la Mbps 100 lililomo kwenye nodi za bei ya chini.

Mtandao wote ukifa ghafla na taa za swichi zikapepesa zote kwa pamoja bila kupumzika, kuna mzunguko: kebo mbili zimetoka nodi moja kwenda swichi moja, au mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo kwenye swichi. Chomoa moja moja mpaka taa zitulie. Na nodi yenye kebo ikiendelea kujionyesha kuwa imeunganishwa bila waya, jaribu kuiruka swichi kwanza. Baadhi ya swichi huzuia pakiti za IEEE 1905.1 ambazo seti fulani hutumia kutambuana.

Kebo ya kati ya nyumba mbili iwe ya nje, na uweke kinga ya radi ncha zote mbili. Penye radi nyingi, kama ukanda wa Ziwa Victoria, mkongo mfupi wenye vigeuzi viwili ni salama zaidi kwa kuwa haupitishi umeme.

## Umeme unaochezacheza

Nodi inayopotea na kurudi baada ya dakika mbili mara nyingi imejiwasha upya. Fungua ukurasa wake na utafute mstari wa Uptime. Ukisoma dakika 14 ilhali hukuizima, acha chaneli, shughulikia umeme.

Mkosaji wa kwanza ni adapta. Nodi inayotaka 12 V na ampea 1.5 ikipewa adapta ya ampea 1 itawaka, itafanya kazi usiku wa manane, na itazimika watu wakianza kutazama video, kwa sababu redio ikirusha sana hula umeme zaidi. Soma maandishi chini ya nodi: volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na ncha chanya iwe upande uleule. Ekstensheni iliyolegea hutoa dalili hizohizo.

Mini UPS ya 12 V kwa modemu na nyingine kwa kila nodi ni fedha iliyotumika vizuri. Hesabu mzigo kwanza: nodi ya wati 12 kwenye betri yenye saa-wati 30 itadumu kama saa mbili, si kutwa nzima. Usiache nodi kuu ikiwa na UPS huku modemu haina.

## Ruta mbili, anwani mbili

Modemu nyingi za mtoa huduma ni ruta kamili, zinazogawa anwani. Nodi kuu ya mesh nayo hugawa. Zikiachwa hivyo, vifaa vya mesh huwa nyuma ya ruta mbili. Kasi haipungui sana kwa hilo, tofauti na inavyosemwa, lakini kamera, michezo ya mtandaoni na baadhi ya VPN huvurugika, na printa iliyochomekwa kwenye modemu haionekani na laptop iliyo kwenye mesh. Chagua moja: weka mesh katika hali ya Access Point, ili iache kugawa anwani, au weka modemu katika hali ya Bridge, ili ipitishe intaneti tu (kwa Starlink huitwa Bypass). Ukichagua Access Point utapoteza baadhi ya vipengele vya mesh kama vidhibiti vya watoto, basi amua unachokihitaji.

Kwenye gesti na shule kuna balaa jingine: anwani kuisha. Simu za siku hizi hubadili anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao), na wageni huja na kuondoka, ilhali ruta ina anwani 100 zinazoshikiliwa saa 24. Wanaochelewa huona neno la kuunganisha likizunguka bila kikomo huku walio ndani wakiendelea vizuri. Panua hadi anwani 200 na upunguze muda wa kushikilia uwe saa mbili.

## Simu inayong'ang'ania nodi ya mbali

Uamuzi wa kuhama nodi ni wa simu, si wa mesh. iPhone huanza kutafuta nodi nyingine mawimbi yakishuka hadi -70 dBm. Android hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Nodi ikirusha kwa nguvu mno, simu iliyotoka sebuleni kwenda jikoni bado inasikia -66 na haioni sababu ya kuhama, hata nodi ya jikoni ikiwa juu ya friji. Punguza nguvu ya nodi hadi kiwango cha kati. Washa 802.11k na 802.11v, viwango vinavyoionyesha simu nodi jirani na kuishauri ihame. 802.11r, ya kuharakisha kuhama, iwashe kwa majaribio. Printa za zamani, kamera na mashine za malipo zikigoma kuunganishwa, izime. Vifaa vya 2.4 GHz vinavyokataa kabisa mara nyingi havijui usalama mpya wa WPA3, basi tumia WPA2.

Kifaa kimoja dhaifu hupunguza kasi ya wote, kwa kuwa kinachukua muda mrefu hewani kusema kidogo. Kamera zisizo na waya ndizo sugu. Kamera nne zinazotuma Mbps 4 kila moja kupitia miruko miwili hula hewa ya Mbps 32 mchana na usiku, hata hakuna anayezitazama. Zitie kebo, au angalau ziunganishe na nodi kuu moja kwa moja. Zima pia kasi za zamani za 802.11b kama ruta inaruhusu, ili mawimbi ambayo nodi hujitangaza kwayo (beacon) yasirushwe kwa Mbps 1.

Ikiwa mambo huharibika pale tu mtu anapopakia picha au video, pima ping wakati wa kupakia. Ikiruka kutoka 25 hadi 600, foleni imejaa kwenye modemu. Washa SQM (kipengele cha ruta kinachodhibiti foleni) aina ya cake au fq_codel, uweke asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima kwa kebo. Kwa 4G tumia kipimo cha saa mbili usiku, si cha alfajiri.

## Kwa mesh ya OpenWrt na batman-adv

Nodi zisipoonana kabisa, hakikisha mambo manne ni mamoja kila mahali: chaneli, jina la mesh, nenosiri, na nchi. Kisha angalia kifurushi cha wpad, programu inayosimamia usalama wa Wi-Fi. Kile cha `wpad-basic-mbedtls` kinachokuja na mfumo hakiwezi mesh yenye usimbaji. Kiondoe, uweke `wpad-mesh-mbedtls`. Katika mipangilio ya kiolesura cha mesh (`wifi-iface`) weka `mesh_fwding '0'`, la sivyo 802.11s (mesh ya Wi-Fi yenyewe) na batman-adv zitachagua njia kila moja kivyake.

Kurasa ndogo zikifunguka na kubwa zikigoma, fikiria MTU, ukubwa wa juu wa pakiti. batman-adv huongeza baiti 32, hivyo kiolesura cha chini kinahitaji angalau 1532; andika 1536 kwenye kila `batadv_hardif`, na uhakikishe swichi za katikati zinaikubali.

```
batctl n
batctl o
batctl tp MAC_YA_NODI
iw dev mesh0 station dump
iw dev mesh0 survey dump
```

`batctl o` katika BATMAN IV hutoa ubora wa njia hadi 255. Chini ya 150 kwa mruko mmoja, nenda kasogeze antena. `batctl tp` hupima kasi kati ya nodi mbili bila kompyuta ya ziada, jambo linalookoa kupanda paa. Kwenye `station dump` linganisha `tx retries` na `tx packets`: majaribio ya kurudia yakikaribia nusu ya pakiti, kuna mwingiliano au nodi mbili zisizosikiana zinazorusha kwa pamoja kwenda ya tatu. Hapo jaribu kizingiti cha RTS (nodi kuomba ruhusa kabla ya kurusha) cha 500. Weka `mesh_rssi_threshold '-78'` ili nodi zisishikamane na jirani wa mbali asiyefaa.

`survey dump` huonyesha muda wa chaneli kuwa hai na muda wa kuwa na shughuli. Gawa wa pili kwa wa kwanza. Ukizidi nusu jioni, hewa imejaa, na mipangilio haitaitanua: hamisha chaneli, au gawa mzigo kwa lango la pili la intaneti upande wa mbali. Weka `gw_mode 'server'` kwenye nodi zenye intaneti na `'client'` kwenye nyingine, kila lango ligawe anwani zake ndani ya mtandao uleule bila kugongana, kwa mfano .10 hadi .120 na .130 hadi .240. Kifaa hubaki na lango lililokipa anwani mpaka muda wake uishe, hivyo weka dakika 10 hadi 30, ili lango moja likizimika watu wahamie jingine bila kuzima simu zao.